Huduma tatu za kumfuata mgonjwa hadi nyumbani baada ya kuruhusiwa: ipi inamfaa nani

Mgonjwa akiruhusiwa hutoka wodini na vitu vitatu: mfuko wa dawa, karatasi na tarehe ya kurudi kliniki. Mfuko una dawa mpya, lakini hausemi lolote kuhusu zile zilizobaki kabatini nyumbani. Karatasi imeandikwa na daktari kwa ajili ya daktari mwenzake. Tarehe ya kliniki nayo mara nyingi iko wiki tatu au nne mbele, wakati mambo mengi huharibika ndani ya siku saba hadi kumi za mwanzo. Huduma tunazozipima hapa zimetengenezwa kuziba pengo hilo.

Pengo lenyewe limepimwa. Mwaka 2009 ulichapishwa uchambuzi wa madai ya Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee. Asilimia 19.6 ya walioruhusiwa walilazwa tena ndani ya siku 30, na asilimia 34 ndani ya siku 90. Takwimu iliyostahili kubandikwa ukutani ni ya tatu: kati ya wagonjwa wasio wa upasuaji waliorudi ndani ya siku 30, nusu hawakuwa na bili yoyote ya kuonwa na daktari katika kipindi hicho cha kati. Tangu Oktoba 2012 Medicare inazikata malipo hospitali ambazo wagonjwa wake wanarudi kupita kiasi. Makato yalianzia kikomo cha asilimia 1, na tangu Oktoba 2014 yanaweza kufika asilimia 3. Fedha ilipoingia, wauzaji wakafuata, na leo karibu kila programu ya simu inajinadi kwamba inapunguza kulazwa tena.

Zilizo na uzito ni chache. Tumechagua tatu ambazo kila moja ilijaribiwa kwa kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, kundi moja likapata huduma na jingine likaendelea na utaratibu wa kawaida. Pembeni tumeziweka simu za kujulia hali na mashine za kupimia nyumbani, kwa sababu ndizo zinazonunuliwa zaidi.

Ya kwanza ni RED, yaani Re-Engineered Discharge, iliyozaliwa Boston. Kiini chake ni muuguzi mmoja ambaye kazi yake ni kuruhusu wagonjwa tu. Hagawi dawa wodini wala habadilishi shuka. Anaanza kazi mapema, mgonjwa akiwa bado kitandani. Anampangia miadi ya daktari kwa siku na saa ambayo mgonjwa mwenyewe amesema anaweza kufika. Anaandika vipimo ambavyo majibu yake hayajatoka na jina la atakayeyafuatilia. Analinganisha dawa za kabla ya kulazwa na za sasa, kisha anatuma muhtasari wa matibabu kwa daktari wa nje. Mgonjwa anaondoka na kijitabu chake cha rangi, na siku mbili hadi nne baadaye mfamasia anampigia simu.

Jaribio lake la mwaka 2009 lilikuwa na watu wazima 749. Waliopata huduma walifika hospitalini, iwe kulazwa au kupita dharura, mara 0.314 kwa mtu kwa mwezi. Wenzao mara 0.451. Ni pungufu kwa takribani asilimia 30. Mfamasia alipopiga simu na kupitia dawa moja moja, zaidi ya nusu ya waliokamilisha mapitio hayo walikutwa na tatizo angalau moja. Kumbuka hao walikuwa wamekwisha kufundishwa na muuguzi na wana kijitabu mkononi. Hospitali inayochukua RED ikaiacha simu ya mfamasia kwa sababu "muuguzi ameshaeleza" imejikatia tawi ililokalia.

Kijitabu ndicho kinachopendwa na ndicho kinachoharibiwa. Kilichoandikwa vizuri kinapanga dawa kwa saa za siku, na kila dawa ina maelezo ya kazi yake kwa maneno ya nyumbani. Kinachotolewa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta kinasema: furosemaidi 40 mg PO BD, yaani kwa mdomo, mara mbili kwa siku. Kinachotakiwa ni hiki: "Kidonge kimoja asubuhi, kimoja saa nane mchana. Ni ya kukojoza maji yaliyojaa mwilini ili miguu isivimbe na usikose pumzi ukilala." Saa nane si ya kubahatisha. BD ikisomwa kama asubuhi na usiku, mzee ataamka mara nne kwenda chooni, atajikwaa gizani, au baada ya usiku wa pili ataamua mwenyewe kuacha kidonge cha pili. Daktari atakuja kuandika kwamba mgonjwa hafuati maelekezo.

RED pia inadai kila somo lifungwe kwa mgonjwa kueleza tena kwa maneno yake. Hapa wengi wanadanganya bila kujua. "Umeelewa?" hujibiwa "ndiyo" na kila mtu, kiziwi akiwemo. Swali linalofanya kazi ni la namna hii: "Ukifika nyumbani mkeo akuulize ni dawa gani umeachishwa, utamwambia nini?" Akikosea, kosa ni la aliyeeleza, anaeleza upya kwa njia nyingine na kuuliza tena. Mambo matatu kwa kikao yanatosha. Na kikao kisiwe ile saa ambayo viatu vimeshavaliwa na gari linasubiri nje, maana hapo hakuna anayesikia kitu.

Udhaifu wa RED ni muda. Kwenye jaribio muuguzi alitumia karibu dakika 90 kwa kila mgonjwa. Ukimpa wagonjwa kumi kwa siku, unabaki na kijitabu tu. Udhaifu wa pili ni ruhusa ya ghafla, hasa ya Ijumaa jioni wakati kitanda kinatakiwa: miadi haijapangwa, kliniki za nje zimefungwa, na muuguzi huyo hayupo zamu mpaka Jumatatu. Siku tatu za hatari zimepita bila mtu. Huduma yote hii inaishia mlangoni pa hospitali, ukiondoa ile simu moja.

Care Transitions Intervention ya Eric Coleman, kutoka Colorado, inavuka mlango huo. Inamtumia kocha, na jina hilo limechaguliwa kwa makusudi, maana kocha haingii uwanjani. Anamtembelea mgonjwa mara moja hospitalini, mara moja nyumbani ndani ya siku mbili au tatu baada ya kutoka, kisha anapiga simu tatu ndani ya wiki nne. Anashughulika na mambo manne tu: dawa, daftari la afya ambalo mgonjwa analitunza mwenyewe, miadi ya daktari, na dalili za hatari zenye maelezo ya nini cha kufanya zikitokea. Jaribio la mwaka 2006 lilichukua watu 750 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea. Waliolazwa tena ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 8.3 kwa wenye kocha na 11.9 kwa wasio naye. Kufikia siku 90, asilimia 16.7 dhidi ya 22.5.

Thamani ya huduma hii yote imekaa kwenye ile ziara moja ya nyumbani, na ndani ya ziara hiyo imekaa kwenye meza ya dawa. Kocha anayejua kazi haulizi "unatumia dawa gani?" Anaomba zote ziletwe: za kabatini, za kwenye mkoba, za kando ya kitanda, za kwenye friji ambako kuna insulini na matone ya macho, mitishamba, na za maumivu zilizonunuliwa bila cheti. Zote zinamwagwa mezani. Kisha orodha tatu zinalinganishwa: alizokuwa anatumia kabla ya kulazwa, alizoandikiwa wakati wa kuruhusiwa, na anazozimeza kweli. Orodha hizo tatu kukubaliana ni jambo la nadra.

Mtego unaojirudia ni wa dawa pacha. Nyumbani mgonjwa alikuwa na losartani ya shinikizo la damu. Duka la dawa la hospitali halina losartani, lina valsartani, ndugu yake wa familia moja. Wodini anabadilishiwa, na karatasi ya kuruhusiwa inaandikwa valsartani. Hakuna aliyeandika "acha losartani". Mgonjwa mtiifu anameza zote mbili. Baada ya siku kadhaa anaona kizunguzungu akisimama, figo zinalemewa, potasiamu inapanda. Vivyo hivyo kwa furosemaidi na Lasix: jina moja la dawa, jingine la kibiashara, chupa mbili, dozi maradufu. Mtego wa pili ni dawa ya maumivu ya goti. Ibuprofeni inazuia chumvi na maji mwilini, kwa hiyo mwenye moyo dhaifu anakunywa dawa ya kutoa maji asubuhi na ya kuyarudisha jioni. Wa tatu ni dawa iliyoanzishwa chumba cha wagonjwa mahututi kwa sababu ya siku zile tu, kama omeprazoli ya kukinga tumbo au kidonge cha usingizi, ikafuatana na mgonjwa hadi nyumbani bila mtu wa kuisimamisha. Ndiyo maana karatasi yoyote ya dawa isiyo na safu tatu, endelea, badilisha na acha, irudishwe ilikotoka. Safu ya "acha" ndiyo husahauliwa.

Kocha akikuta kosa harekebishi mwenyewe. Anakaa na mgonjwa anapompigia daktari, baada ya kufanya naye mazoezi ya swali: "Nina losartani na valsartani, nimeze ipi?" Nia ni kwamba safari ijayo mgonjwa ajipigie bila kocha. Hii inaeleza kwa nini faida iliendelea kuonekana hata baada ya wiki nne za huduma kwisha. Inaeleza pia nani haimfai. Mwenye ugonjwa wa kusahau anayeishi peke yake hana mchezaji wa kufundishwa. Kama kuna binti au mke anayesimamia dawa, kocha amfundishe huyo, na ziara ipangwe saa ambayo yupo nyumbani. Makocha wengi hupanga ziara saa nne asubuhi, wakati msimamizi wa dawa yuko kazini.

Ya tatu, Transitional Care Model ya Mary Naylor na wenzake wa University of Pennsylvania, ndiyo nzito kuliko zote. Muuguzi mwenye mafunzo ya juu anamchukua mgonjwa akiwa wodini, na muuguzi huyohuyo, si mwenzake, anamfuata nyumbani. Jaribio la mwaka 1999 lilikuwa na wazee 363. Ndani ya wiki 24 waliolazwa tena walikuwa asilimia 20.3, na 37.1 kwa kundi la kawaida. La mwaka 2004 lilichukua wazee 239 wenye moyo kushindwa kusukuma damu vizuri. Huduma ilikuwa ya miezi mitatu na ziara za nyumbani zisizopungua nane: ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kutoka, kisha kila wiki kwa mwezi wa kwanza, halafu zikapungua, na simu wazi siku saba za wiki. Baada ya mwaka, waliolazwa tena au kufariki walikuwa asilimia 47.5 dhidi ya 61.2. Wastani wa gharama kwa mgonjwa, huduma yenyewe ikiwemo, ulikuwa dola 7,636 dhidi ya dola 12,481. Kwa hiyo anayeiita ghali aseme ni ghali kwa nani: mlipaji wa mshahara wa muuguzi na mnufaika wa kitanda kilichobaki tupu mara nyingi si mfuko mmoja.

Nguvu ya muuguzi huyu ni kwamba anaweza kuchukua hatua. Mgonjwa wa moyo anajipima uzito kila asubuhi, ameshakojoa, hajala, kwa nguo za uzito uleule, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu na si zulia. Ukiongezeka kilo moja hadi moja na nusu kwa siku, au kilo mbili na ushee kwa wiki, hayo ni maji, si mafuta. Muuguzi akiongeza dozi ya dawa ya kukojoza siku hiyohiyo kwa utaratibu uliokubaliwa na daktari, mara nyingi mambo yanaishia nyumbani. Hospitali zinazoiga mfumo huu kwa bei nafuu humweka muuguzi asiye na utaratibu huo ulioandikwa. Anaona uzito Jumatatu, anaacha ujumbe kliniki, anajibiwa Jumatano, na usiku wa Jumanne mgonjwa alishapelekwa dharura akihema. Ukiona mkataba unataja "ziara za muuguzi" bila kutaja anaruhusiwa kubadilisha nini, hiyo si huduma ya Naylor.

Sasa mashine. Jaribio la Tele-HF lilichapishwa mwaka 2010: wagonjwa wa moyo 1,653, nusu yao wakipiga kila siku kwenye mfumo wa simu wa kujiendesha na kuripoti uzito na dalili. Ndani ya siku 180 waliolazwa tena au kufariki walikuwa asilimia 52.3 kwa wenye mfumo na 51.5 kwa wasio nao. BEAT-HF ya mwaka 2016, yenye wagonjwa 1,437 wa California, iliongeza mizani na vipimo vinavyotuma matokeo vyenyewe, pamoja na simu za wauguzi. Waliolazwa tena walikuwa asilimia 50.8 dhidi ya 49.2. Katika Tele-HF, asilimia 14 ya waliopewa mfumo hawakuutumia hata mara moja. Mizani haimezi dawa wala haibadilishi dozi. Inampa taarifa mtu, na kama mtu huyo hana mamlaka wala muda, umenunua kengele ya kulia chumba kisicho na mtu. Ikiwekwa mikononi mwa muuguzi aliyeelezwa hapo juu ni chombo kizuri. Peke yake tunaipa alama ya chini.

Simu ya kujulia hali ni rahisi na inaweza kusaidia, ila isiulize "unaendeleaje?" Swali hilo hujibiwa "vizuri tu" hata na anayevuta pumzi katikati ya maneno. Mpigaji aseme: "Chukua chupa iliyo karibu nawe, nisomee jina, kisha uniambie umeimeza saa ngapi leo." Aulize uzito wa asubuhi hii kwa namba. Aulize jana usiku alilalia mito mingapi, na kabla ya kuugua alikuwa akilalia mingapi, maana kuongeza mito ni dalili ya kukosa pumzi akilala. Aulize atakwenda kliniki kwa usafiri gani na nani atampeleka, maana miadi isiyo na gari ni tarehe tu kwenye karatasi. Mpigaji asiye na muda wa maswali hayo afadhali apumzike.

Kuhusu nani apewe nini, hospitali nyingi hutumia alama za LACE: siku alizolazwa, kama aliingia kwa dharura, magonjwa mengine aliyonayo, na mara alizopita dharura miezi sita iliyopita. Jumla ni 0 hadi 19, na kuanzia 10 huhesabiwa hatari kubwa. Ni chujio la haraka, lakini halina swali la nani yuko nyumbani wala kama mgonjwa anaweza kusoma maandishi ya chupa. Kwa hiyo lisiachwe liamue peke yake. Mpangilio unaoeleweka ni RED kwa kila anayeruhusiwa kama kiwango cha chini. Kocha kwa mwenye dawa nyingi lakini akili timamu, au mwenye msimamizi nyumbani. Na muuguzi wa Naylor kwa mzee mwenye magonjwa kadhaa, hasa wa moyo. Kuwagawia wote kidogokidogo kutoka kila huduma ni kupoteza fedha.

Kuna onyo moja kwa wanaotaka kuanza na wale wanaolazwa mara nyingi kuliko wote. Mpango wa Camden, New Jersey, wa kuratibu huduma za wagonjwa wa aina hiyo, uliosifiwa kwa miaka, uliwekwa kwenye jaribio la wagonjwa 800, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020: asilimia 62.3 ya waliohudumiwa walilazwa tena ndani ya siku 180, na 61.7 ya wasiohudumiwa. Makundi yote mawili yalilazwa kidogo kuliko zamani. Mtu akichaguliwa akiwa kwenye kipindi kibaya kuliko vyote, nusu mwaka unaofuata huwa nafuu hata asipoguswa, na asiyekuwa na kundi la kulinganisha atajipongeza bure. Tena matatizo mengi ya wagonjwa wa aina hiyo ni nyumba, ulevi na ugonjwa wa akili, mambo ambayo uratibu wa miezi michache hauyafikii.

Kwa hiyo muuzaji akija na grafu ya kabla na baada, muulize kundi la kulinganisha liko wapi. Muulize kama amewahesabu waliokataa huduma na wale ambao simu zao hazikupokelewa, kwa sababu wanaopokea simu ni wale wenye nafuu. Muulize kama waliolala hospitalini kwa "uangalizi" bila kuandikishwa kuwa wamelazwa wamo kwenye hesabu. Vitanda ni vilevile, jina tu limebadilishwa. Na kwenye mkataba andika kwamba siku 30 zinaanza siku mgonjwa alipotoka wodini. Wengine huanzia siku ya simu ya kwanza iliyopokelewa, na kwa hesabu hiyo aliyerudi usiku wa pili hakuwahi kuwa mgonjwa wao.